Lisbon – Helsinki: kwenda masaa 6 na kitu, kurudi 3 tu, inakuwaje?

mgeni_wa_anga
Wakuu naomba mnieleweshe. Naangalia ndege ya moja kwa moja Lisbon kwenda Helsinki, ratiba inasema inatoka 11:00 inafika 17:45, yani karibu masaa saba, afu ya kurudi inatoka 16:00 inatua Lisbon 19:05, masaa matatu tu!! Njia si ni ile ile jamani? Au ya kurudi ni ndege ya kasi zaidi? Na umbali wenyewe ni kilomita ngapi, kuna sehemu nimeona 3,300 na kitu, kwingine zaidi ya 4,000.

bi_ramani
Hakuna cha kasi hapo mkuu. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika, na Helsinki iko mbele ya Lisbon masaa mawili mwaka mzima, maana wote wanasogeza saa zao siku ile ile, mbele jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha nyuma ya mwisho ya Oktoba. Kwahiyo kwenda toa mawili unabaki na 4:45, kurudi ongeza mawili unapata 5:05. Umeona? Ile uliyoiona fupi ndo ndefu 😂
Kilomita 3,300 na ushee ni juu kwa juu, hiyo ya 4,000 na zaidi ni barabara, na hata barabara yenyewe ukipitia nchi za Baltiki inakufikisha Tallinn tu, hapo unapanda feri masaa kama mawili ndo uingie Helsinki.

mgeni_wa_anga
Aisee asante bi ramani. Ila sasa hizo dakika 20 za kurudi zimetoka wapi?

siti_ya_dirishani
Upepo. Huko juu kilomita 9 mpaka 12 kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma toka magharibi kwenda mashariki, ukienda Helsinki unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni, na kipindi cha baridi ndo unakuwa mkali zaidi. Afu usije ukachukua 3,300 ukagawa kwa spidi ya 830 ukadhani ni masaa manne basi, ratiba inahesabu toka ndege inaondoka getini mpaka inasimama geti la huko, kuzunguka uwanjani na foleni ya kuruka vyote vimo, na mashirika huwa yanaongeza dakika za akiba ili yasionekane yamechelewa (ujanja huo kila mtu anaujua).

ticha_mstaafu
Bi ramani uko sahihi kwa sasa. Ila 1992 mpaka 1996 Ureno ilihamia saa za Ulaya ya kati, tofauti na Finland ikawa saa moja tu. Nimechomekea tu.

bi_ramani
Ticha hujambo 😂😂 haya shikamoo.

kona_ya_tiketi
Mgeni, huo umbali una faida nyingine. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya (EU) namba 261 ya mwaka 2004, safari ya ndani ya EU inayozidi kilomita 1,500 ukifika umechelewa masaa matatu au zaidi na kosa ni la shirika, fidia ni euro 400, na wanapima juu kwa juu sio barabara. Hali mbaya ya hewa haihesabiki hapo. Tunza boarding pass.

mgeni_wa_anga
Euro 400?! Basi wachelewe tu.