Dekio limefika kabla ya daktari! Ile hospitali mnayoijua imevuka mpaka

Wakuu, nina hasira hata herufi sizioni. Ile hospitali yenye vioo, pale pale mnapopajua. Leo asubuhi kaletwa majeruhi wa bodaboda, paja limevunjika, wasamaria wamelifunga kwa boksi na kanga. Dirishani swali la kwanza: "Laki tano ya kuanzia ipo?" La pili: "PF3, ile fomu ya polisi, iko wapi?" Damu ikadondoka kwenye vigae. Hapo ndipo mtu akaja mbio. Mwenye dekio! Akadeki kuzunguka machela, daktari hajaonekana.

Pale hata tembo akivunjika mguu ataulizwa namba ya NIDA kabla ya kuulizwa kinachomuuma.

Paja siyo kidole! Mfupa ule ukivunjika, lita moja hadi moja na nusu ya damu inaweza kuvujia ndani ya nyama usiione, na mtu mzima ana kama lita tano tu. Huyu anatakiwa kanula (sindano za dripu) mbili nene, za kijivu au za chungwa, damu ipimwe kundi na kuoanishwa na ya kuongezewa, mguu uvutwe na kunyooshwa kwa gango la Thomas. Traneksamiki, dawa ya kupunguza damu kuvuja, gramu 1 kwa dakika 10, kabla saa tatu hazijapita tangu ajali. Zikipita, dawa ile ile inaweza kumdhuru. Na dripu isifunguliwe kama bomba la mvua, damu itakuwa nyepesi ishindwe kuganda.

PF3 yenyewe ina sehemu ya daktari kuandika majeraha. Ataandika nini hajamwona mtu? Dekio limemwona!

Kisiki Kikavu: Dekio, dekio, dekio. Mleta uzi umegombana na mfagiaji? Damu sakafuni watu wanateleza.

Mleta uzi: Sakafu haifi! Mtu anakufa!

Mama Tatu: Laki tano mnalia, hamjafika kwenye damu. "Leta ndugu wawili wachangie." Mtu kaokotwa barabarani, simu ina nywila, ndugu watatoka wapi? Andikeni namba za watu wawili kwenye karatasi, iwekeni ndani ya kava la leseni. Wenye bodaboda, ibandikeni chini ya siti.

Mtu wa Rongai: Huku Kenya, Katiba ya 2010, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Na bado mwaka 2015 majeruhi wa ajali Nairobi alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akisubiri kitanda. Sheria ya Afya ya 2017 ndiyo ikaja na faini ya hadi shilingi milioni tatu za Kenya kwa hospitali inayokosa kumhudumia mtu wa dharura.

Zamu ya Usiku: Ndugu yetu wa Rongai, siku hizi hawasemi "tumekataa", wanasema "kitanda hakuna". Basi dai rufaa ya maandishi: saa aliyofika, presha, mapigo ya moyo, amepewa nini, jina na saini ya aliyempokea. Kalamu ikianza kutafutwa utashangaa kitanda kinavyopatikana. Asipotaka kuandika, andika wewe saa na jina lake.

Fundi Gia: Kampuni za bima ndiyo wezi wenyewe. Gari lililogonga lina bima ndogo, ile ya kumlipa aliyegongwa, lakini hela haiji dirishani, inakuja baada ya madai: PF3, risiti zote, ripoti ya trafiki. Risiti moja ikipotea unaanza upya. Pigeni picha namba ya gari kabla halijasogezwa, bima yake inaonekana kwenye mtandao wa TIRA, wasimamizi wa bima.

Mama Tatu: Fundi, na ambulensi je? Umeandikiwa rufaa, dereva anakuuliza mafuta!

Kisiki Kikavu: Mafuta anaulizwa hata maiti. Mimi nauliza kofia. Abiria anapewa kofia kubwa kama sufuria, kamba ya kidevu imekatika. Ikigonga lami inaruka yenyewe, kichwa kinabaki.

Fundi Gia: Kamba ile ni buku mbili kushonesha! Vidole viwili vipite chini ya kidevu, vitatu vikipita imelegea.

Mleta uzi: Jamani, DEKIO!

Mama Tatu: Kisiki, za kike zenye nafasi ya rasta zinauzwa wapi?