Galsworthy au Wells: tuanze na nani?

Mtondoo: Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha usomaji kinataka kuonja waandishi wa Uingereza wa kati ya 1895 na 1914. Mfuko unatosha nakala za mwandishi mmoja. Nusu wanataka tamthilia za John Galsworthy, nusu riwaya za sayansi za H.G. Wells. Mnashauri nini?

BintiSaidi: Galsworthy! Chukueni "Justice" ya 1910. Karani Falder anaghushi hundi, pauni 9 zinakuwa 90, apate kumtorosha mwanamke anayeteswa na mumewe. Anahukumiwa miaka 3. Kuna onyesho zima ndani ya selo lisilo na neno hata moja: anazunguka, anatega sikio, mwishowe anautwanga mlango kwa ngumi. Nililia. Na mwaka huohuo Winston Churchill, akiwa waziri wa mambo ya ndani, alipunguza muda wa wafungwa kufungiwa peke yao.

Mshale78: Dada, onyesho hilo nalikubali, ila mimi nabaki na Wells. Katika "The Time Machine" (1895) msafiri anapanda mashine ya kusafiri katika wakati, anafika mwaka 802,701 na kuwakuta Eloi, wazao wa matajiri, wamelegea kama watoto. Chini ya ardhi wanaishi Morlock, wazao wa wafanyakazi, na usiku wanapanda kuwawinda Eloi wawale. Wells aliyajua maisha hayo. Mama yake alikuwa msimamizi wa watumishi katika jumba la Uppark, na watumishi wa pale walipita kwenye mahandaki. Yeye mwenyewe alitiwa uanagenzi katika duka la vitambaa, akauchukia.

BintiSaidi: Sawa kaka, lakini Morlock hana jina. Falder analo, na hakimu anamtazama usoni.

MwalimuMstaafu: Wanangu, vitabu hivi vyote vinapakuliwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, hakimiliki zake zimekwisha. Fedha zenu tumieni kuchapisha nakala. Kwa kikundi ningeanza na "The Silver Box" ya 1906, kwa kuwa tamthilia husomwa kwa sauti, kila mtu na nafasi yake. Mtoto wa mbunge na Jones, mume wa mfanyakazi wa usafi, wanaiba wote wakiwa wamelewa. Wa kwanza anarudi nyumbani, Jones anakwenda jela akipiga kelele kwamba mwenzake ameokolewa na pesa. Wells mpeni mwezi wa pili.

Mtondoo: Shikamoo mwalimu, na asante. Jumamosi tunaanza na "The Silver Box". BintiSaidi, karibu usome nafasi ya Bi Jones.