Matembezi ya dini zote kwa ajili ya mazingira hapa Mbale, Uganda, nani ana uzoefu?

Kijana_Namatala
Wadau salaam. Sisi vijana wa msikiti wetu hapa Mbale, vijana wa parokia jirani na Walokole kadhaa tumekaa tukasema tutembee pamoja ju ya haya mambo ya tabianchi, maana si mnakumbuka mwezi wa saba 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilivyovunja kingo usiku ikabeba watu na nyumba, na huko juu mlimani Bududa kila mvua ikizidi watu wanalala macho wazi. Wazo limependwa, shida ni siku. Ijumaa sisi tuna swala, Jumamosi Wasabato hawatoki na Abayudaya, Wayahudi wetu wa kilima cha Nabugoye, nao ni Sabato yao, Jumapili ndo usiseme. Halafu mzee mmoja msikitini kauliza, kutembea nyuma ya msalaba si ni kuingia kwenye ibada ya watu? Na mama mmoja Mlokole kauliza hilohilo kuhusu sisi! Tulicheka lakini mpaka leo hatujawajibu. Walioshawahi kupanga kitu kama hiki mlifanyaje?

Mwl_Nkoma
Chukueni sikukuu ya serikali inayoanguka katikati ya wiki, kesi ya siku imeisha. Ila isiwe 3 Juni, Wakristo wenu watakuwa njiani Namugongo kwa miguu, hija ya Mashahidi.
La msalaba, kila kundi lipige dua yake kwake kabla ya kutoka, mkikutana kwenye mnara wa saa ni kutembea tu, hakuna msalaba hakuna bendera ya mwezi, bango moja la mto basi. Na huyo mzee mwambieni wanazuoni wa Kiislamu walitoa tamko lao la tabianchi Istanbul Agosti 2015, miezi michache tu baada ya Papa Francis kutoa waraka wake wa mazingira. Juni ya mwaka huohuo watu wa dini mbalimbali walitembea Roma mpaka uwanja wa Mtakatifu Petro na sijasikia aliyebatizwa kwa bahati mbaya.

MkulimaBududa
Mimi niseme ukweli, haya matembezi huwa ni fulana. Fulana mpya, mheshimiwa atahutubia mpaka jua litoboe, maji ya chupa yatagawiwa na kesho chupa zote ziko kwenye mitaro, mvua ikija mtaro umeziba halafu tunalia tabianchi. Huku kwetu 2010 mlima uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi, 2018 mto Suume ukashuka na mawe, 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Waliobaki 2010 wakahamishiwa mbali Kiryandongo na wengine walirudi, sasa utafanyaje na kahawa yako iko huku? Na hii hewa imeharibiwa na mimi mwenye jembe ama na wenye viwanda vyao huko ng'ambo? Ukitaka nitembee niambie kwanza tunaenda kwa nani na tunamwambia nini.

dada_kahawa
Kaka Mkulima kauliza swali ambalo mleta mada hajajiuliza. Mdogo wangu, msitembee kwa ajili ya "tabianchi", hiyo ni kubwa mno haina mlango wa kubisha. Tembeeni kwa ajili ya kingo za Nabuyonga. Sheria za nchi hii zinataka mita 30 kando ya mto ziachwe, na mito mikubwa iliyoorodheshwa ni mita 100, sasa nenda uangalie pale mjini, nyumba, mahindi, gereji, kuosha magari, vyote viko kwenye maji. Fuateni huo mto wenyewe kwa miguu, mkiona pamejengwa mnapiga picha, mnamalizia ofisi za jiji na barua MOJA imesainiwa na shehe, padri, rabi, mchungaji, wote karatasi moja. Hiyo barua ndo itawapa shida wakubwa kuitupa.
Na dini kushirikiana hapa si kitu kigeni jamani, ule ushirika wa Mirembe Kawomera, 2004 Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa vilima hivi walianza kuuza kahawa yao pamoja, na walianza na kitu cha mkononi, si hotuba.
Ah na mkipanda miti msipande mikaratusi kando ya mto, inakunywa maji hiyo! Mianzi.

MzeeWaStendi
Polisi hamjawataja. Sheria ya mikusanyiko ya umma ya 2013 inataka taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 15 kabla, andika njia mtakayopita, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu. Kile kifungu cha 8 cha kuwapa polisi nguvu ya kuzuia Mahakama ya Katiba ilikifuta 2020, lakini kijana wangu usiende kituoni kufundisha watu katiba, peleka barua mapema, gongewa muhuri, kaa na kopi.
Wakikataa kuna ya Paris 2015, maandamano ya tabianchi yalizuiwa baada ya yale mashambulizi ya kigaidi, watu wakapanga maelfu ya viatu pale Place de la République na Papa Francis alituma vyake. Ila hapa Mbale mkiacha viatu barabarani mtarudi peku.

Kijana_Namatala
Hahaha mzee! Asanteni sana. Nimeongea na wenzangu, tunafuata mto, fulana hakuna, maji kila mtu na kibuyu chake. Yule mama Mlokole kasema kama hakuna wa kumwombea kwa nguvu njiani yeye yuko. Mzee wetu bado anataka kuliona hilo tamko kwa Kiswahili, mwenye nalo anitumie. Na miche ya mianzi inauzwaje siku hizi?

MkulimaBududa
Miche usinunue mjini watakuuzia vijiti. Niko nayo hapa, njooni na pikapu yenu na watu wa kuchimba, mafuta ni juu yenu.