Lebo ya sabuni ya mawese kwenda Bujumbura, Kalemie na Ubelgiji: niandike lugha gani?

BintiMwandiga:
Habarini wakubwa kwa wadogo. Nipo Mwandiga hapa Kigoma, natengeneza sabuni ya kuogea ya mawese na mise (mafuta ya kokwa za mchikichi), pamoja na mafuta ya kupaka. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ninayo, lebo zangu ni za Kiswahili na Kiingereza.

Mwezi uliopita mteja wa Bujumbura alichukua katoni sita kupitia Manyovu, akaomba lebo ziwe na Kifaransa. Nikatumia simu kutafsiri "mafuta ya kupaka", ikaniletea "huile à peindre". Nikachapisha stika 400. Mzigo ulipofika akanipigia: "Dada, hapa umeandika mafuta ya kupaka rangi." Mzigo wote ukarudi. Siku mbili nimekaa na beseni la maji ya moto nabandua stika moja moja, kucha zimeniuma, na hela ya uchapaji imeshakwenda.

Sasa kuna mteja wa Kalemie, kule Kongo (DRC), na dada wa jirani yangu aliyeko Antwerp anataka boksi mbili aweke dukani. Lebo yangu ni sentimita 6 kwa 9. Lugha zote hizo zitaenea wapi? Na viungo navyo nitafsiri kimoja kimoja? Naombeni msaada, nisirudie hasara.

MwaloKibirizi:
Pole sana dada. Mimi nasafirisha mizigo kwa boti kutoka Kibirizi. Kongo lugha rasmi ni Kifaransa, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Mama wa sokoni Kalemie atasoma Kiswahili chako bila shida, lakini makaratasi ya mkaguzi ni ya Kifaransa. Weka zote mbili.

Jambo jingine, angalia sana neno "kung'arisha". Kama sabuni yako imeandikwa "hung'arisha ngozi", tafsiri ya haraka itakupa "éclaircissant", na hilo ndilo neno la vipodozi vya kujichubua. Mkaguzi akiliona ataanza kukutafutia zebaki na haidrokwinoni kwenye mawese yako. Sema "husafisha na kulainisha ngozi", basi.

MkemiaUjiji:
Viungo usitafsiri hata kimoja. Vina majina yake ya kimataifa, yanaitwa INCI, hayabadiliki kwa kuvuka mpaka. Mawese yakishakuwa sabuni ni Sodium Palmate, mise ni Sodium Palm Kernelate, maji ni Aqua, manukato ni Parfum. Unaanza na kilicho kingi kwa uzito kushuka chini. Vile visivyofika asilimia 1 unavipanga mwishoni utakavyo. Hapo umeokoa nusu ya lebo. (Marekani ndiko wanataka Water na Fragrance, lakini huko hujafika.)

Kinachotafsiriwa ni kile ambacho mtu asipokielewa ataumia au atapotea: bidhaa ni ya kazi gani, inatumikaje, na tahadhari. Kwenye kopo la mafuta, ule mchoro wa kopo lililofunguliwa wenye 12M unasema "tumia ndani ya miezi 12 baada ya kufungua" bila neno lolote.

MuhaWaKasulu:
Burundi si andika Kiha tu, lugha yetu Waha wa Kigoma? Sisi na wao tunasikilizana.

KaribuManyovu:
Sokoni mnasikilizana, ndiyo, mimi mwenyewe nanunua maharage kwa Kiha na tunaelewana. Ila kwenye maandishi si hivyo kaka. Kirundi kina tahajia yake, na mteja akiona neno limekosewa atadhani bidhaa ni feki. Lugha rasmi za kule ni Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Dada, Kifaransa kimoja kilichonyooka kinakutosha Bujumbura na Kalemie. Mpe mwalimu wa Kifaransa akusomee kabla ya kuchapa, hata ukimlipa ni nafuu kuliko stika 400.

BintiMwandiga:
Mungu awabariki. Na Antwerp?

MkemiaUjiji:
Antwerp ni Kiholanzi. Ubelgiji wanafuata eneo: Liège Kifaransa, Brussels zote mbili, na mashariki kuna kipande cha Kijerumani. Lakini lugha ndiyo mzigo mdogo. Kanuni ya Ulaya namba 1223 ya 2009 inataka mtu au kampuni iliyoko ndani ya Umoja wa Ulaya ibebe dhamana, jina na anwani vikae kwenye lebo. Ripoti ya usalama iliyosainiwa na mtaalamu. Na bidhaa iandikishwe kwenye mfumo wao kabla ya kuuzwa. Dada wa Antwerp anakutakia mema, lakini akiziweka dukani bila hayo anajiingiza matatani. Ulaya iache kwanza.

BintiMwandiga:
Nimeelewa, nitamweleza. Nimeandika hivi kwa ajili ya sabuni, naombeni mnikosoe:

"Sabuni ya kuogea / Savon de toilette. Isiingie machoni / Éviter le contact avec les yeux. Iwekwe mbali na watoto / Tenir hors de portée des enfants. Uzito / Poid net: 100 g."

Viungo nimeviweka nyuma kwa INCI, na namba ya toleo nitagonga kwa muhuri.

KaribuManyovu:
Vizuri sana. "Poids" ina s mwishoni. Rekebisha hiyo, kisha chapa stika 20 tu, mtumie mteja wako picha kwanza.