Silinda hedi ya Pijo 504 imegoma kutoka: kamba, staata au mtaimbo?

Mwana wa Kisauni
Asalam aleikum wakuu. Nina Pijo 504 pikapu ya petroli aliyoniachia marehemu babangu. Imelala hapa Kisauni, Mombasa, chini ya mwembe miaka sita sasa. Kabla haijalala ilikuwa ikichemka mara kwa mara, na nakumbuka vizuri mzee alivyokuwa akiijaza rejeta: ndoo moja kutoka kisimani, maji yale yale ya chumvi ambayo hata sabuni haitoi povu.

Sasa nataka kuifufua. Nimetoa roka (mikono inayofungua valvu), nimetoa manifoldi, nimetoa bolti zote za hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Hedi haitikisiki. Nimeigonga kwa nyundo ya mpira mpaka mkono ukafa ganzi, ni kama iliyomwagwa pamoja na bloku, mwili wa injini.

Nimewauliza mafundi watatu, kila mmoja ana lake. Wa kwanza asema tuchomeke mtaimbo kwenye gasketi, ile sili kati ya hedi na bloku, tuinue. Wa pili asema nitie kamba ndani ya silinda. Wa tatu asema nirudishe plagi nipige staata, injini yenyewe itaisukuma hedi. Nataka mnilinganishie kabla sijagusa kitu, maana nikiipasua hedi hii sina nyingine.

Gereji Makupa
Waleikum salaam. Mtaimbo kwenye gasketi usahau kabisa. Hedi ni alumini, bloku ni chuma. Ukikandamiza hapo, alumini ndiyo itakayobonyea, na mfereji utakaoachwa na mtaimbo ndio utakaovujisha maji siku zote. Kama kuna masikio yaliyotokeza nje ya uso wa gasketi, hapo waweza kuegemeza chuma. Kwengine hapana.

Mimi ni mtu wa kamba. Corolla za injini ya 5A zimenipitia nyingi na kamba haijawahi kunitupa. Chukua kamba ya nailoni, unene wa milimita 8 hivi ipite tundu la plagi. Shusha pistoni, lisha kamba ndani mpaka ijae, acha ncha nje uifunge fundo isije ikamezwa. Kisha zungusha krenki (shafti inayopandisha pistoni) kwa spana, kwa mkono, polepole. Pistoni hupanda, kamba hukandamizwa dhidi ya hedi, na nguvu yote yaelekea juu palepale inapotakiwa. Hakuna kinachokwaruzwa.

Wengi huharibu kwenye valvu. Kwenye injini ya silinda nne, pistoni ya 1 na ya 4 hupanda pamoja, lakini wakati ya 1 imefunga valvu zake zote, ya 4 valvu zake ziko wazi kidogo. Ukitia kamba zote mbili bila kutoa kamshafti au roka, utapinda valvu za ile ya 4. Wewe umeshatoa roka, kwa hivyo zote zimefunga. Uko salama, endelea.

Dada Spana
Ngoja kwanza. Kabla ya kamba wala staata, umehesabu bolti? Namaanisha kuhesabu matundu, si bolti ulizozitoa. Hapa Changamwe gari nyingi zinazoletwa kwamba hedi imegoma huwa zina bolti moja ndogo iliyosahaulika, imejificha mbele upande wa cheni au chini ya matope ya oili. Mtu anapigana na hedi siku mbili, kumbe bado imefungwa. Osha kwa dizeli, washa tochi, pitisha kidole pembeni yote.

Kuhusu staata: hufanya kazi, na ni ya haraka kuliko zote, lakini ina masharti. Bolti usizitoe zote, zilegeze mizunguko michache tu, hedi ikiruka isiende mbali. Toa umeme wa koili na uzibe petroli. Na maji yote yamwagwe kwanza, rejeta na bloku, kwa sababu hedi ikiachia kidogo maji huingia silindani, na maji hayakandamiziki. Pistoni ikiyakuta hapo konrodi, mkono wa pistoni, hupinda. Gari iliyolala miaka sita mimi singeipigia staata hata kidogo. Ringi za pistoni zimeshika kutu, huenda hata kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kusukuma hedi haipo.

Nahodha Mtongwe
Mimi si makanika wa gari, ni mtu wa mashine za mashua, lakini chumvi naijua. Kinachoishika hedi yako si gundi ya gasketi peke yake. Alumini na chuma vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri: alumini huliwa, na palipoliwa hutoka unga mweupe. Unga ule unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyokuwapo, kwa hivyo hujibana kati ya pini zinazoikalisha hedi na tundu zake kama kabari. Kupiga nyundo hakuutoi.

Sisi kwanza tunalowesha. Nusu asetoni, nusu mafuta ya gia otomatiki, tikisa kila mara kabla ya kumimina kwa sababu hujitenga. Mimina kwenye matundu ya bolti na pembeni mwa hedi, asubuhi na jioni, siku tatu au nne. Wenye haraka hawatoki na hedi nzima.

Kisha joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua urefu wa sentimita 45: ukiupandisha joto kwa nyuzi 70, alumini hurefuka kama milimita 0.7 na chuma chini ya 0.4. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayovunja unga. Maji ya moto ya sufuria juu ya hedi, acha ipoe, rudia. Moto wa gesi usiusogeze pale ulipomwaga asetoni, wallahi nimeona mtu akiungua nyusi na mashua yake.

Mzee wa Pijo
Nimesoma mpaka hapa na moyo umeniruka. Mwanangu wa Kisauni, usizungushe krenki. Narudia: usizungushe krenki, si kwa kamba, si kwa staata, si kwa kusukuma gari.

Hawa wenzako wamekushauri vizuri kwa Corolla. Corolla silinda zake zimechongwa ndani ya bloku lenyewe, haziendi popote. 504 siyo hivyo. Silinda zake ni laina za maji: mabomba manne yaliyosimama ndani ya bloku, maji yanazizunguka, chini zimekalia sili, na juu kinachozibana ni hedi yenyewe. Ukishatoa bolti hakuna tena kinachozishikilia isipokuwa kutu na bahati. Ukizungusha krenki, ringi huipandisha laina pamoja na pistoni. Ukiivuta hedi moja kwa moja juu, gasketi iliyogandana na laina huivuta vilevile. Sili ya chini ikishafumuka, maji yote ya rejeta yataingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na hutajua mpaka uone oili imekuwa kama chai ya maziwa. Hapo kazi ya hedi imegeuka kazi ya injini nzima.

Nimeanza kazi hii wakati gari hizi ndizo zilizokuwa zikibeba watu na mizigo nchi hii. Mwaka 1975 504 ilishinda Safari Rally, na 1978 ikashinda tena, hiyo ya pili ikiwa kupe, yaani ya milango miwili, yenye injini ya V6. Zilipendwa, na kila gereji ilikuwa na vyuma viwili vya kuifungulia hedi. Siku hizi vijana hawavioni, ndiyo maana nimeamua kuandika kirefu.

Vyuma vyenyewe ni hivi. Tafuta nondo mbili imara, zinazoingia kwenye matundu ya bolti za hedi bila kubana sana. Ziingize moja mbele, moja nyuma, zibaki zimesimama juu kama mikono. Watu wawili, kila mmoja ashike yake, na mzitikise pamoja mkiilaza hedi upande, kisha upande wa pili. Hampandishi, mnaiyumbisha, kama mtu anavyotikisa kigingi kabla ya kuking'oa. Gasketi huachia kwenye laina kwa kupinduka na si kwa kuvutwa. Mkisikia mlio mkavu, imeachia. Hapo ndipo mnainua.

Alichosema Nahodha kuhusu kulowesha na maji ya moto, kifanye kwanza kama kilivyo. Ameeleza kuliko mafundi wengi niliofanya nao kazi.

Gereji Makupa
Shikamoo mzee wangu. Nakubali, hili la laina lilinipita, nilisikia tu silinda nne na chuma. Kwa 504 naondoa kamba. Kwa Corolla na ndugu zake nabaki nayo, sijaona njia safi zaidi.

Dada Spana
Mzee, na cheni bloku je? Kuna wanaofunga hedi kwa mnyororo na kuinua mpaka mbele ya gari inyanyuke, uzito wa injini uachanishe.

Mzee wa Pijo
Marahaba wanangu. Cheni bloku ni kuvuta moja kwa moja juu, yaani kosa lile lile kwa nguvu kubwa zaidi. Na ikiachia ghafla, gari huanguka na hedi huruka. Hata kwa injini nyingine siipendi hiyo.

Mwana wa Kisauni
Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Nimelowesha siku tano, maana siku ya tatu bado dawa ilikuwa imesimama kwenye tundu mbili za nyuma bila kushuka. Siku ya nne tundu moja likaanza kunywa. Siku ya tano nikamwaga maji ya moto mara sita, asubuhi mpaka adhuhuri.

Bolti iliyosahaulika haikuwapo, lakini nashukuru nilikagua, kwa sababu nilikuta waya wa ardhi bado umefungwa nyuma ya hedi.

Nondo mbili nilikatiwa na mchomeleaji wa Kongowea. Mimi nikashika ya mbele, ndugu yangu ya nyuma. Mara ya kwanza hakuna kitu. Tukamwaga maji ya moto tena, tukajaribu, hakuna. Mara ya tatu ikatoa mlio kama ubao unaovunjika na mikono yetu ikaenda pamoja. Nilikaa chini kidogo kabla ya kuinua, nilimkumbuka marehemu babangu.

Laina zote nne zimebaki. Nilizitia alama ya rangi kati ya laina na bloku kabla ya kutikisa, na alama hazijahama. Chini ya hedi kuna unga mweupe hasa pale alipoonyesha Nahodha, kwenye pini moja ya nyuma na kwenye njia za maji. Alumini imeliwa pembeni mwa matundu mawili ya maji, moja limeliwa mpaka karibu na ukingo wa gasketi. Nimeweka rula ya chuma iliyonyooka, na fila (bapa la kupimia mwanya) ya milimita 0.10 inapita katikati. Hilo ni la kuchomelea na kupiga uso, yaani kuusaga unyooke, ama ndiyo imekwisha?

Mzee wa Pijo
Alhamdulillahi. Haijakwisha. Ipeleke kwa wenye mashine ya kusaga uso, Shimanzi wapo, na waambie waipime nyufa kabla ya kuchomelea, usilipie kujaza hedi iliyopasuka. Waambie pia wasage kidogo tu, kile kinachohitajika kunyooka, maana kila wanachokitoa kinapandisha kompresheni. Uliza na kitabu cha gari kinaruhusu kiasi gani.

Lakini kabla hujatoka hapo nyumbani, chukua bolti fupi na washa nene, uzifunge kwenye matundu ya bolti za hedi ili washa zikandamize kingo za laina. Mbili kwa kila jozi ya laina zatosha. Funika juu kwa kitambaa kisafi, na waambie watoto wasiiguse pulii ya mbele, isije ikazungusha krenki.