Tupeane uzoefu: umekodi gari, unarudisha, unaambiwa "huu mkwaruzo ni wako"

Binti Makorora
Assalaam aleykum, na habari za jioni kwa wote. Hili jambo ninalo tangu Jumapili na moyo unanichemka, nikaona bora nilitue hapa.

Tulikuwa na msiba Lushoto. Gari la mjomba lipo gereji, basi lisingetufikisha mazikoni kwa wakati, nikakodi IST hapa Tanga mjini kwa jamaa mwenye ofisi ya meza moja na kalenda ukutani. Elfu sitini kwa siku, mafuta juu yangu, dhamana laki mbili, na kitambulisho changu cha NIDA wakabaki nacho. Siku mbili tu. Asubuhi ile tunakimbizana na saa ya mazishi, kijana wao akanizungusha gari mbiombio, akaandika kwenye karatasi "gari zima", nikasaini. Najua. Msinisimange, mama yangu ameshanisimanga vya kutosha.

Tumekwenda, tumezika, tumerudi. Nikalipeleka saa moja usiku sheli waliyonielekeza. Kijana akaja na tochi ya simu. Hakulizunguka gari, hakugusa mlango, hata buti hakufungua. Alikwenda moja kwa moja kwenye bampa la mbele, pembe ya kushoto, akachuchumaa na kumulika kule chini kabisa, kama mtu anayefuata kitu alichokificha mwenyewe. "Dada, hapa mmegusa."

Mkwaruzo kama urefu wa kiganja. Bosi kwa simu anasema bampa linabadilishwa, laki tatu na nusu. Laki mbili zangu zimekwenda, nadaiwa laki na nusu, na kitambulisho hakitoki mpaka nimalize deni. Nimelia pale sheli mpaka mwenye bodaboda akaniuliza nani kafariki, nikamwambia alishazikwa.

Aliyewahi kupita hapa alitokaje?

Chungwa la Muheza
Pole kwa msiba na pole kwa bampa. Mimi Bagamoyo nilitozwa elfu themanini za "usafi maalumu" kwa sababu ya mchanga kwenye kapeti. Gari la kukodi Bagamoyo lisiwe na mchanga, tulitarajia liwe na theluji?

Kibao cha Mbuzi
Nami pantoni. Nimevuka Pangani kwenda Bweni, kurudi naambiwa chumvi imekula chini ya gari. Siku moja!

Dereva Mstaafu
Mdogo wangu, umenikumbusha jambo nililokuwa nimeshalizika.

Mwaka ule nimekodi Noah, nampeleka shemeji Horohoro anavuka kwenda Lungalunga. Kurudi, nimepita Duga, tairi la nyuma kulia likapasuka. Halikutoboka, limepasuka ubavu, mpira umefunguka kama ganda la embe. Nashuka kutafuta spea: ipo, haina upepo. Jeki: ipo, haina mkono. Nimekaa pale tangu saa nane mpaka jua linazama, nakula mihogo ya kuchoma ya kina mama wa pale, mpaka lori la mkaa likanionea huruma.

Narudisha gari, mwenyewe anataka laki na themanini. "Tairi lilikuwa jipya, umeendesha ovyo." Sasa mimi nimeendesha malori miaka ishirini na saba. Nikamwambia tulitazame pamoja. Matairi mengi yana herufi DOT ubavuni, ukizifuata mpaka mwisho unakuta tarakimu nne ndani ya duara kama yai. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Pale palijaa vumbi, nikasugua kwa kidole na mate. Ikasoma 1114. Wiki ya kumi na moja, 2014! Tairi lilikuwa na umri wa mwanafunzi wa darasa la tatu, yeye analiita jipya.

Akanyamaza. Kisha akasema "basi lipa nusu." Nikakataa. Akasema lipa elfu ishirini ya usumbufu. Hiyo nililipa, nisiwe muongo, maana nilikuwa nimechoka na njaa.

Shoga wa Raskazone
Darasa la tatu 🤣🤣 nimekwenda kuangalia matairi ya mume wangu sasa hivi. Sisemi nilichokiona.

Mwenye Gari Naye Mtu
Naona mnatupiga mawe upande mmoja. Mimi nakodisha magari mawili, sipo Tanga mjini, msianze kunitafuta. Mnajua mnavyoyarudisha? Mtu kachukua Spacio yangu kwenda Lushoto, kurudi kashuka mlima wote kuanzia Soni mpaka Mombo gia ipo huru ati anaokoa mafuta, anakanyaga breki tu. Gari limefika linanuka moto, pedi zimekwisha. Mwingine kabla ya Idi kabeba mbuzi wawili kiti cha nyuma. Mbuzi! Harufu ile haikutoka mpaka Mfungo Sita. Na gari likikaa gereji siku tano, laki tatu zangu zimepotea, nani ananilipa?

Chungwa la Muheza
Mbuzi wa mtu mwingine ndiyo unamtoza binti wa watu aliyekwenda kuzika?

Mwenye Gari Naye Mtu
Sijamtoza mimi. Soma vizuri.

Chungwa la Muheza
Mnajitetea pamoja, basi mtozwe maneno pamoja.

Mtoto wa Chumbageni
Swali kwa Binti Makorora bila ubaya. Nani alikuwa anaendesha?

Binti Makorora
Kaka yangu, kuanzia Mombo kwenda juu. Mimi zile kona siziwezi.

Mtoto wa Chumbageni
Na mkataba una jina lako peke yako?

Binti Makorora
Ndiyo.

Mwenye Gari Naye Mtu
Hapo sasa.

Dereva Mstaafu
Hapo sasa nini? Kaka kuendesha hakuzai mkwaruzo. Yale ni makosa mawili tofauti, kama lipo hata moja. Usimtishe mtoto.

Kaka wa Pongwe
Nyie mnagombania mikwaruzo, mimi nimedaiwa GARI ZIMA.

Nimekodi RAV4 kwenda Pangani, harusi ya binamu. Nimeegesha gesti, nimefunga, ufunguo uko chini ya mto. Alfajiri natoka kwenda msikitini, pale pa gari pana paka amekaa.

Nikadhani nimekosea geti. Nimezunguka ile gesti mara tatu na kanzu. Nikampigia mwenye kampuni, akasema neno moja: "Milioni kumi na nne." Hata pole hakunipa. Ngoja nimalizie kazi, nitarudi.

Shoga wa Raskazone
Unakwenda wapi?? Rudi hapa.

Kibao cha Mbuzi
Hii ni Pangani ndugu zangu, gari limechukuliwa na wenyewe wa baharini.

Mtoto wa Chumbageni
Mnaanza. Kila kitu kikitokea Tanga ni majini. Ndiyo maana watu wa Dar wanatucheka.

Kibao cha Mbuzi
Sisi tukitaja majini tunachekwa, wao wakitaja freemason wanaitwa wasomi. Tulia.

Fundi Chuda
Binti Makorora achana na hao. Una picha ya huo mkwaruzo? Weka ya karibu.

Binti Makorora
Ninayo, nilipiga pale pale sheli. Nimeweka hapo juu. Jamani, na uzi wangu mmeuteka.

Shoga wa Raskazone
Samahani mwaya, lakini yule wa Pongwe katuacha gizani.

Kaka wa Pongwe
Nimerudi. Nimekwenda polisi, nimeandikisha maelezo. Mwenye kampuni naye kafika na boda, anapiga kelele kwamba nimeuza gari Kenya. Askari akamuuliza mlinzi wa gesti. Mzee wa watu akasema kwa utaratibu kabisa: "Kaja kijana saa tisa usiku, ana ufunguo wake, kawasha gari vizuri, kaniaga, kanipa na elfu mbili ya chai. Mwizi gani anaaga?"

Askari akaomba kadi ya gari. Mwenye kampuni anapapasa mifuko. Kadi haina jina lake! Kumbe yeye ni dalali tu, kapewa gari na mwenyewe alikodishe wagawane, na miezi minne hajampelekea mwenzake hata shilingi. Mwenye gari kachoka, kaweka GPS, kafuata gari lake na ufunguo wa akiba. Lilikutwa Korogwe limeegeshwa chini ya mwembe, limeoshwa.

Mimi nikabaki pale kituoni na kanzu ya harusi. Na dhamana yangu laki tatu sijaiona mpaka leo, maana dalali anasema nikamdai mwenye gari, mwenye gari anasema mimi sikujui.

Shoga wa Raskazone
Na harusi ulifika?

Kaka wa Pongwe
Nilikuta wanakunja maturubai.

Mwenye Gari Naye Mtu
Kwa hili nipo upande wenu. Omba nakala ya kadi kabla hujatoa hela. Mtu halali hakasiriki.

Fundi Chuda
Nimeiona picha. Sikilizeni. Mimi ni fundi bodi na rangi, naishi na mikwaruzo.

Bampa la IST ni plastiki, kwa hiyo kutu usitafute, hapo wengi wanakosea. Kutu utaitafuta kwenye mlango au bonneti, na kwa hewa yetu hii ya chumvi bati lililoachwa wazi halichukui siku nyingi kuwa jekundu. Kwenye plastiki tafuta uchafu. Kuza picha ya dada, tazama ndani ya ule mfereji: kuna kitu cheupe kama unga wa muhogo kimeganda. Ile ni polishi iliyokauka. Unapopiga polishi gari lenye mkwaruzo, dawa inaingia ndani na kitambaa hakifiki kuitoa. Sasa dada, wewe ulipiga polishi gari ukiwa msibani?

Binti Makorora
Polishi?? Hata vumbi la Soni sikulifuta.

Fundi Chuda
Basi mkwaruzo ulikuwepo kabla ya polishi, na polishi ilikuwepo kabla yako. Na hata kama ungekuwa wako, bampa halibadilishwi kwa hilo. Kusugua, puti kidogo, rangi pembe moja: kwangu elfu sitini na tano, kwa jirani yangu mwenye tamaa elfu tisini.

Dereva Mstaafu
Allah akuzidishie fundi.

Mtoto wa Chumbageni
Nimesoma sheria kidogo, niongeze. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74: hata mkataba ukitaja kiasi cha kulipa, anayedai anapata fidia ya kadiri, na kile kiasi kilichotajwa ndiyo ukomo wake. Kwa hiyo hata kama ile laki tatu na nusu ingeandikwa mkatabani, si mwisho wa maneno. Na Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya mkataba mpaka milioni 30, hulazimiki kuwa na wakili. Akikutisha na polisi mwambie hili ni dai, polisi hawakusanyi madeni.

Chungwa la Muheza
Mahakama kwa laki mbili? Nauli na kusubiri vitakula laki. Mpelekee mtu mzima wa mtaa wake. Tanga hii, aibu inafanya kazi kuliko hati ya wito.

Mtoto wa Chumbageni
Si lazima kwenda. Kuitaja tu kwa maandishi kunatosha.

Kibao cha Mbuzi
Au mwambie bibi yako anatoka Pangani. Usiseme zaidi ya hapo.

Mwenye Gari Naye Mtu
Dada, namba ya gari ilikuwa njano au nyeupe?

Binti Makorora
Njano.

Mwenye Gari Naye Mtu
Ahaa. Njano ni gari binafsi, la biashara linatakiwa namba nyeupe. Ingia kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya bima, wa kuhakiki bima, andika namba ya gari. Ukikuta bima ni ya matumizi binafsi, basi anakodisha gari ambalo likipata ajali kampuni ya bima ina kila sababu ya kukataa kulipa. Hatataka hayo yazungumzwe kwa sauti. Nimejichongea na wenzangu, haya.

Shoga wa Raskazone
Na yako ni rangi gani mkuu?

Mwenye Gari Naye Mtu
Moja nyeupe.

Shoga wa Raskazone
Ulisema mawili 😂

Kaka wa Pongwe
Mimi siku hizi nazunguka gari kwa video, nataja tarehe kwa sauti, naonyesha dashibodi, kilomita na mafuta, nachuchumaa mpaka chini ya bampa, na yule kijana anayenikabidhi naye aonekane. Halafu siifuti. Ukiituma kwa WhatsApp bado weka ile ya asili kwenye simu, maana iliyotumwa inapoteza saa na tarehe yake. Wananiona mwehu. Poa.

Binti Makorora
Nimerudi. Jana nilikwenda na mjomba, na picha nimeichapisha kubwa stationeri, elfu moja. Sikugomba. Nikaiweka mezani, nikamuuliza bosi huu unga mweupe ni nini. Akaitazama, akamwita kijana. Kijana akatazama kalenda. Mjomba akauliza kwa upole bima ya gari ni ya aina gani, na kama Mahakama ya Mwanzo ipo karibu na hapa.

Kitambulisho nimepewa pale pale. Laki na ishirini kanitumia kwenye simu nikiwa nimekaa. Elfu themanini kasema wiki ijayo.

Dereva Mstaafu
Alhamdulillah.

Chungwa la Muheza
Wiki ijayo ya mwezi gani?

Fundi Chuda
Mwambie alete hilo bampa kwangu. Nitamkata hizo themanini.