Ghala la Amazon linakataa mzigo mpya

Wakuu, nipo Kariakoo, nauza vikapu vya ukili Amazon ya Marekani. Mfumo unakataa shehena mpya wakati stoku yangu kule ni ndogo. Shida nini?

— Mkuu, mzigo ulio njiani nao unahesabiwa kwenye nafasi uliyopewa ghalani. Futa shehena ulizofungua bila kutuma, nafasi itarudi.

— Angalia na ujazo. Boksi la sm 40×40×30 ni lita 48, karibu futi 1.7 za ujazo. Kupachika vikapu kimoja ndani ya kingine kunasaidia ukiviuza kama seti tu. Vya mojamoja kila kimoja kinapimwa peke yake, hapo ndipo wengi wanapoumia.

— Vikapu vilivyopitisha siku 180 ghalani vina ada ya ziada. Viondoe mapema, Oktoba hadi Desemba ghala hupanda bei.